Mwiko

Jiwe lilisema kabla ya daktari.
Lilisema ndani ya maharage, siku ya Ijumaa,
kwenye jino la Ombeni wa darasa la sita,
na wenzake wakacheka, kisha wakaacha,
maana waliochungulia jikoni walimwona Haikaeli
akichambua ungo kwa vidole tu,
macho yana ukungu kama wa Rau alfajiri,
ila huu wa kwake jua haliuondoi.

Mtoto wa jicho, nikawaambia.
Shufaa akauliza: ana mtoto humo ndani?
Ndiyo, na kumtoa kuna bei.

Jioni wakajaa kibandani kwangu Kiboriloni,
saba, na mabegi yao,
mimi wakala wa kuweka na kutoa.
Walikuwa wameshapanga kila kitu:
picha yao na sare, nembo ya shule kifuani,
namba ya mama yake Shufaa,
na Haikaeli, macho wazi, karibu kabisa,
"ili watu walie, Baba Manka. Wakilia watachanga."

Haikaeli mwenyewe mmemuuliza?

Pikipiki ikapita. Nyingine ikapita.

Walimkuta anasonga ugali wa watoto mia tatu.
Akasema: uso wangu si bango.
Sitaki kununua nyanya kwa mtu aliyekwisha kunililia.
Akainua mwiko, unadondosha mvuke.
Pigeni huu. Una miaka kumi na tisa, hauna aibu.

Basi ndio uliokwenda mtandaoni:
mwiko, na kiganja kilichoushika.
Hapana sura ya mtoto, hapana jina la shule,
hapana njia anayorudia mtu nyumbani.
Namba ya kamati ya wazazi, haifunguki bila watu wawili,
na mimi si mmoja wao, nilijitoa,
maana niliwahi kuletewa ujumbe,
"ile hela tuma kwenye namba hii",
nikatuma elfu themanini nikidhani ni mwenye nyumba.
Niliwasimulia. Shufaa alicheka hadi akakaa chini.
Acheni wacheke. Kicheko kile nimekilipia.

Siku ya tano, saa nne usiku,
Manka wangu, miaka kumi na mmoja, akaja sebuleni
ameibeba simu ya mama yake
kama kikombe cha chai kilichojaa.
Mtu tusiyemjua ameandika:
*Hongera. Nitaongeza laki mbili.
Nitumie picha yako kwanza. Usimwambie mtu.*

Kelele zote nilizonazo zilipanda kooni.
Nikazimeza moja moja, kama vidonge.
Nikasema, umefanya vema kuniletea.
Akasema, laki mbili, Baba. Zingetosha.

Hapo ndipo paliponichoma:
alikuwa ameshapiga hesabu.

Hatukujibu. Hatukufuta.
Tulimfungia mlango yule mtu, ujumbe tukauhifadhi,
asubuhi ukaenda kwa mwalimu, kisha kwa polisi.
Na njiani nikamwambia binti yangu:
kuna mwiko wa kusongea
na kuna mwiko usiovukwa,
na anayekuambia usimwambie mtu
ameshauvuka kabla yako.
Akanyamaza hadi darajani.
Kisha akauliza kama tutanunua maandazi.

Hela zikaja kwa mwendo wa konokono.
Elfu mbili. Mia tano. Elfu kumi kutoka kwa mama wa ndizi
ambaye hakutaka jina lake liandikwe, nasi hatukuliandika.
Kila Jumamosi watoto walisimama getini
wakasoma daftari kwa sauti: kilichoingia, kilichobaki,
na sabini na tano waliyokosea kujumlisha.

Jicho la kulia limefunguliwa.
La kushoto linasubiri; daftari halijafika huko.

Jumatatu Haikaeli aliwaita dirishani.
Kwenye kisahani, mawe kumi na moja
aliyoyatoa kwenye debe moja la maharage,
ameyapanga kwa ukubwa.
Akalichukua la mwisho, akaliinua juani, akalitazama
kwa muda mrefu kuliko jiwe linavyostahili.
"Hili," akamwambia Ombeni, "lilikuwa lako."